Sigara, kiuno na sukari: jibu kwa msomaji wa Mombasa

Swali: Assalaam aleikum, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 43, Mdigo, nimeolewa katika familia yenye asili ya Kachi, India, hapa Mombasa. Mume wangu, niliyeishi naye miaka kumi na tisa, ana miaka 49 na huvuta sigara kumi na tano kwa siku, nyingine chumbani karibu na dirisha kabla ya kulala. Si mnene, lakini daktari amemwambia sukari yake imeanza kupanda. Yeye anasema sigara ndiyo inayomzuia kunenepa, na kwamba akiacha atapata kisukari kama dada yake, yaani wifi yangu, ambaye alivuta kwa siri miaka ishirini na moja bila kuulizwa kliniki, akaacha miaka miwili iliyopita, akaongezeka kilo saba, na mwaka huu ameambiwa ana ugonjwa huo. Mdogo wangu wa kiume naye huvuta tano tu kwa siku, kipimo chake cha mafuta ya damu ni kizuri, na anasema sisi Waafrika sigara haitupi sukari. Je, sigara ina uhusiano gani na sukari, na ni kweli inategemea jinsia na asili ya mtu? Nimeambatisha vipimo vyao wote watatu.

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimevisoma vipimo hivyo zaidi ya mara moja, na ninaona bora nitangulize jibu kisha nieleze sababu zake. Uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa mtu wa asili ya Afrika, ya Asia na ya Ulaya. Jinsia na asili hubadilisha mambo mengine: njia ambayo madhara hupitia mwilini, kipimo kinachoyafichua mapema na kile kinachoyaficha, na kipindi ambacho mtu huwa katika hatari zaidi. Watu wako watatu kila mmoja ametulizwa au ametishwa na jambo moja lililo kweli, akaacha kuyatazama mengine. Mumeo ametazama mizani, mdogo wako ametazama karatasi ya mafuta ya damu, na wifi yako, kwa maelezo yako, ameitazama siku aliyoacha sigara kama siku aliyoanza kuugua.

Niseme kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2007 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliojumuisha tafiti 25 zenye watu wapatao milioni 1.2, ukaonyesha kwamba wavutaji walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari uliozidi ule wa wasiovuta kwa asilimia 44. Mwaka 2015 uchambuzi mkubwa zaidi, wa tafiti 88 na watu karibu milioni 6, ulipata ongezeko la asilimia 37 kwa wavutaji wote kwa jumla, na ulipowagawa kwa wingi wa sigara ukapata asilimia 21 kwa wavutaji wachache, 34 kwa wa wastani na 57 kwa wakubwa. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2014, ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilitamka wazi kwamba sigara ni mojawapo ya visababishi vya kisukari cha aina ya pili. Asilimia hizi zisikutishe kuliko inavyostahili. Kuongezeka kwa asilimia 37 hakuna maana kwamba wavutaji 37 katika kila mia watapata kisukari. Maana yake ni kwamba, tuseme, katika kundi ambalo watu wanane kati ya mia wasiovuta wangeugua katika kipindi fulani, kwa wavutaji wangekuwa kama kumi na mmoja. Hao watatu wa ziada ndio wa sigara, na katika mji wenye maelfu ya wavutaji idadi yao hujaza kliniki.

Swali ambalo mumeo anaamini halina jibu ni hili: inawezekanaje kitu kinachopunguza uzito kilete ugonjwa unaofuatana na unene? Ni kweli kwamba nikotini hukata hamu ya kula na huufanya mwili uunguze nguvu zaidi kidogo hata mtu akiwa amepumzika, na ndiyo maana wavutaji wengi huwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Lakini nikotini hiyo hiyo huamsha homoni za hofu na mbio, yaani adrenalini na kotisoli, ambazo huamuru mafuta yatoke kwenye hifadhi zake chini ya ngozi yakaingie katika damu. Mafuta hayo yakizunguka kutwa bila kazi huizuia misuli isiitikie insulini, ile homoni ya kongosho inayofungulia sukari mlango wa kuingia katika chembe za mwili. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike, huku moshi wenyewe ukilichosha kongosho hilo na kuleta uvimbe wa chini kwa chini katika mishipa na tishu. Kotisoli nayo huelekeza mafuta mapya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, mahali ambapo yana madhara makubwa kuliko yakiwa mapajani au mikononi. Kwa hiyo mvutaji anaweza kupungua mwili mzima na kuongezeka tumboni, na mizani, ambayo hujumlisha vyote, ikamsifu.

Hali hii huonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Nilimpima mzee mmoja mvutaji wa muda mrefu ambaye mikono yake ilikuwa myembamba, mashavu yameingia ndani, na mifupa ya mabega imejitokeza chini ya fulana. Aliniambia kwa fahari kwamba anavaa suruali ya namba ile ile tangu alipooa. Mshipi wake ulikuwa umefungwa kwenye tundu la pili, kweli, lakini ulikuwa umeshuka vidole vinne chini ya kitovu. Nilipouzungusha utepe wa fundi cherehani mahali panapostahili, ulisoma sentimita 97. Suruali haikuwa imebadilika namba kwa sababu tumbo lilikuwa limepanda na kukaa juu yake.

Sasa nitazame vipimo vya mumeo. Ana kilo 67 na urefu wa mita 1.70, na kwa hesabu ya kawaida ya uzito kwa urefu anapata 23.2, kiwango ambacho kwa mtu wa asili ya Ulaya hakuna daktari angekitilia shaka. Kiuno chake ni sentimita 93, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 6.1, trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka katika damu, 2.4, lehemu nzuri, yaani kolesteroli inayolinda mishipa, 0.9 (zote tatu kwa milimoli katika lita), na shinikizo la damu 126 kwa 80. Mwaka 2009 mashirika makubwa ya kisukari na ya moyo duniani yalikubaliana vigezo vitano vya kutambua mkusanyiko wa hatari wanaouita sindromu ya metaboli, ambavyo ni kiuno kipana, shinikizo la damu kuanzia 130 kwa 85, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na lehemu nzuri iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, na mtu akifikia vitatu kati ya hivyo huhesabiwa anao. Mumeo amefikia vinne. Hapo ndipo asili yake inapoingia kwa uzito wake kamili, kwa sababu mpaka wa kiuno kwa wanaume wa asili ya Ulaya ni sentimita 94, na kwa kipimo hicho angepita salama, lakini kwa wanaume wa asili ya Asia ya Kusini mpaka ni 90. Vivyo hivyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2004 kwamba kwa watu wa asili ya Asia tahadhari katika hesabu ile ya uzito kwa urefu ianze kwenye 23 badala ya kusubiri 25. Sababu ni kwamba kwa uzito ule ule, Mhindi wa kawaida huwa na misuli michache na mafuta mengi ya ndani ya tumbo kuliko Mzungu. Mtu aliyezaliwa na mwelekeo huo, kisha akaongeza sigara inayosukuma mafuta mahali pale pale, amebeba mizigo miwili juu ya bega moja.

Hata hivyo nisingependa neno asili lichukuliwe kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Dk. Kaushik Ramaiya na wenzake walichapisha mwaka 1991 utafiti walioufanya Dar es Salaam miongoni mwa jumuiya ndogo ndogo za Wahindu, watu ambao sisi wengine tungewaweka wote katika kapu moja la Wahindi wa Tanzania, na viwango vya kisukari vilitofautiana waziwazi kutoka jumuiya moja hadi nyingine. Asili huleta mwelekeo. Chakula, kazi, mwendo na tumbaku huamua mwelekeo huo utafika wapi. Mumeo hawezi kubadilisha babu zake, na kati ya vilivyobaki sigara ndiyo ninayoiona iko karibu zaidi na mkono wake.

Mdogo wako ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi kuliko ulivyotarajia, na nitakaa kwake kidogo. Ana miaka 36, trigliseridi zake ni 0.8, lehemu nzuri ni 1.4, na ninaelewa kwa nini aliiona karatasi hiyo kama cheti. Lakini watu wa asili ya Afrika kusini mwa Sahara kwa kawaida huwa na trigliseridi za chini na lehemu nzuri ya juu hata pale ambapo miili yao tayari imeacha kuisikiliza insulini. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi katika taasisi za taifa za afya za Marekani, na matokeo yake ni kwamba kipimo ambacho kwa Mhindi au Mzungu hulia mapema kama king'ora, kwa Mwafrika mara nyingi hukaa kimya. Ishara zetu sisi huja kwa shinikizo la damu na kwa sukari. Na ukiteremsha macho kwenye karatasi hiyo hiyo utaona shinikizo lake ni 138 kwa 88, sukari ya asubuhi 5.7 na kiuno sentimita 95. Hivyo ni vigezo vitatu. Kijana aliyeambiwa mafuta yake ni mazuri, na ni kweli ni mazuri, anayo sindromu ile ile anayoihurumia kwa shemeji yake.

Kuhusu kiuno cha Mwafrika niongeze jambo ambalo nadhani litabadilisha kazi yetu katika miaka ijayo. Mpaka wa sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake tunaoutumia Afrika tuliuazima kutoka vipimo vya Ulaya, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na vya kwetu. Mwaka 2018 watafiti waliochambua takwimu za watu zaidi ya elfu 20 kutoka nchi kadhaa za kusini mwa Sahara walikuta kwamba mpaka unaofaa ni karibu sentimita 81 kwa wanaume na kwa wanawake pia. Kwa wanawake tofauti ni ndogo, lakini kwa wanaume ni kubwa sana, na maana yake ni kwamba kuna wanaume wengi wa Kiafrika wenye kiuno cha 85 au 90 ambao tumekuwa tukiwaruhusu waende nyumbani bila neno.

Halafu kuna hoja yake ya sigara tano tu. Tafiti za Marekani za miaka ya 1990 zilipima damu za wavutaji na kukuta kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika, ambao kwa wastani huvuta sigara chache kwa siku kuliko Wazungu, walikuwa na kotinini nyingi zaidi katika damu kwa idadi ile ile ya sigara. Kotinini ni mabaki ya nikotini, na ndiyo tunayoipima ili kujua mtu amevuta kiasi gani. Ilionekana kwamba waliingiza mwilini nikotini zaidi kwa karibu asilimia 30 katika kila sigara moja, na pia walichelewa kuiondoa kotinini yenyewe. Sehemu ya sababu ni vimeng'enya vya ini vinavyovunja nikotini, ambavyo hutofautiana kati ya mtu na mtu na kwa wastani kati ya watu wa asili mbalimbali. Sehemu nyingine ni namna ya kuvuta, kwani anayevuta chache huivuta kila moja kwa kina na kuimaliza karibu na kichungi. Na sehemu nyingine tena haimo kabisa katika damu: kwa miongo mingi makampuni ya tumbaku yalielekeza matangazo ya sigara za mentoli kwa Wamarekani weusi, na mentoli hupoza koo ili moshi uingie bila kukwaruza. Ninaeleza haya kwa sababu watu husikia neno asili na kudhani ni jeni peke yake, ilhali biashara nayo imechangia kuzigawa hatari hizi kwa rangi.

Wamarekani hao si Wadigo, na sitamhesabia mdogo wako nikotini yake kwa kipimo cha Chicago. Hata hivyo katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, watu wenye asili ya Afrika zaidi ya 5,300 wamefuatiliwa tangu mwaka 2000, na wavutaji wakubwa miongoni mwao walipata kisukari zaidi kuliko wasiovuta, kwa hiyo kauli kwamba sigara haiwapi Waafrika sukari imekwisha kujibiwa na watu weusi wenyewe. Na sigara tano ziko katika kundi la wavutaji wachache nililolitaja mwanzo, lenye ongezeko la asilimia 21. Ni dogo kuliko la shemeji yake, ila kwa mtu ambaye shinikizo limekwisha kufika 138 akiwa na miaka 36 sioni sababu ya kulikaribisha.

Nije kwa wifi yako, ambaye nadhani lawama zimemwelemea bila haki. Mwili wa mwanamke hushughulikia tumbaku kwa namna yake. Homoni ya estrojeni huharakisha kuvunjwa kwa nikotini, hivyo mwanamke huimaliza mapema kuliko mwanamume, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huimaliza mapema zaidi. Maana yake katika maisha ya kila siku ni kwamba ile hali ambayo watu wetu huiita arosto humfikia upesi, na kuacha humwia kugumu kwa sababu ambazo hazihusiani na udhaifu wa nia. Wakati huo huo sigara huipunguza nguvu estrojeni yenyewe, ambayo ndiyo inayomsaidia mwanamke kuhifadhi mafuta nyongani na mapajani badala ya tumboni, na wavutaji wa kike hukoma hedhi mwaka mmoja hadi miwili mapema kuliko wenzao. Mwanamke mvutaji anapokaribia miaka 50 huwa anapoteza kinga hiyo kutoka pande mbili. Uwezekano wa kupata kisukari kwa sababu ya sigara hukaribiana kwa jinsia zote mbili, lakini kwa moyo hesabu humwelemea mwanamke: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ongezeko la hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo linaloletwa na sigara ni kubwa kwa robo nzima kwa wanawake kuliko kwa wanaume, na mwingine wa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba kisukari chenyewe huongeza hatari hiyo kwa wanawake kwa kiasi kinachozidi cha wanaume kwa asilimia 44.

Je, kuacha sigara ndiko kulikompa kisukari? Tafiti hazifichi kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuacha ina hatari yake. Katika uchambuzi ule wa mwaka 2015, walioacha kwa muda usiozidi miaka mitano walikuwa na uwezekano uliozidi wa wasiowahi kuvuta kwa asilimia 54, wa miaka mitano hadi tisa asilimia 18, na wa miaka kumi na kuendelea asilimia 11. Ukiisoma namba ya kwanza peke yake utakubaliana na mumeo. Lakini ndani yake wamo watu wengi walioacha kwa sababu walikwisha kuanza kuumwa na daktari akawatisha, na wamo walioongezeka uzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliowafuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya kwa miaka mingi, uliwatenganisha watu hao. Ukilinganisha na walioendelea kuvuta, walioacha kwa miaka miwili hadi sita walikuwa na hatari ya kisukari iliyozidi kwa asilimia 22, nayo ilifikia kilele kati ya mwaka wa tano na wa saba, kisha ikashuka, na ongezeko hilo lilifuata kilo: ambaye hakuongezeka uzito hakuwa na hatari ya ziada hata kidogo. Na hata walioongezeka zaidi ya kilo kumi walikufa kwa magonjwa ya moyo kwa uchache sana kuliko walioendelea kuvuta. Wifi yako alivuta kwa miaka ishirini na moja kabla ya kuacha, na kipimo chake cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ni asilimia 6.9, ambacho kimevuka mpaka wa 6.5 kidogo tu. Kisukari chake kilipandwa katika ile miaka ishirini na moja, na kilo saba zikakiharakisha kuota. Akirudia sigara leo, akiwa mwanamke, mwenye kisukari, mwenye umri wa miaka 47, atakuwa amejiweka mahali pabaya kuliko popote katika maelezo haya yote. Tafadhali mwambie maneno haya kutoka kwangu: alifanya jambo lililo sahihi, na lehemu yake nzuri, ambayo sasa ni 1.4, ni miongoni mwa matunda yake, kwa kuwa lehemu hiyo hupanda mtu akiacha, na kwa wanawake hupanda zaidi.

Umegusia pia kwamba alivuta kwa siri muda wote huo, na kliniki hakuna aliyemwuliza. Hili linaniuma, kwa sababu nimeliona likirudiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 nchini Kenya ulikuta wavutaji ni asilimia 15.1 ya wanaume wazima na 0.8 tu ya wanawake, na sisi wahudumu wa afya tukizoea namba hizo tunamwona mama mwenye buibui na kuliruka swali. Lakini utafiti huo huo ulikuta tumbaku isiyo ya moshi, yaani ugoro na ya kutafuna, inatumiwa na asilimia 5.3 ya wanaume na 3.8 ya wanawake, viwango vinavyokaribiana sana. Mama anayejibu kwa ukweli kwamba havuti sigara anaweza kuwa na tumbaku ndani ya tambuu kinywani wakati huo huo. Nikotini ni ile ile, na uchambuzi wa takwimu za Sweden, nchi yenye mazoea ya tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, umeonyesha kisukari zaidi kwa watumiaji wakubwa. Shisha nayo, ingawa Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017, bado huvutwa faraghani, na makaa yake huongeza hewa ya sumu juu ya moshi wa tumbaku yenyewe.

Kwa mumeo basi, ambaye hofu yake ya kunenepa naichukulia kwa uzito wote, ushauri wangu ni aache na alinde kiuno kwa pamoja, asivitenganishe. Walioacha bila dawa huongezeka kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na nyingi ya hizo huja miezi mitatu ya mwanzo. Hata hivyo katika uchambuzi uliotoa wastani huo, karibu mtu mmoja kati ya sita alipungua uzito, na waliozidi kilo kumi walikuwa asilimia 13. Apange tarehe ya kuacha na tangu wiki ile aongeze mwendo wa nusu saa kila siku, na baada ya magharibi ni wakati mzuri kwa sababu ndipo kiu ya sigara na kiu ya vitafunio hukutana. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, mahamri na kaimati ndivyo vitu ambavyo mkono uliokosa sigara hukimbilia, kwa hiyo visikae mezani katika miezi hiyo mitatu. Viwepo karanga chache, matango, na maji. Awaulize wauza dawa au daktari wake kuhusu viraka au pipi za nikotini, na vidonge vya kusaidia kuacha sigara viitwavyo bupropioni na vareniklini, ambazo zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Viraka, pipi na bupropioni huchelewesha pia kuongezeka kwa uzito wakati zinapotumika. Faida haitachelewa mpaka mwaka wa kumi, kwani watafiti wa Marekani mwaka 2012 walionyesha kwamba ndani ya wiki moja hadi mbili za kuacha, miili ya wavutaji ilikwisha kuanza kuisikia insulini vizuri zaidi. Nampendekezea apime sukari ya asubuhi na kiuno kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, na mizani aipe nafasi ya tatu.

Mdogo wako aende kliniki wiki hii kwa ajili ya shinikizo, lipimwe tena kwa siku tofauti akiwa ameketi na kutulia, na hajavuta kwa nusu saa. Wifi yako aendelee na dawa, na daktari wake aambiwe historia yote ya tumbaku ili amchunguze figo, macho na miguu kwa kujua anachokitafuta.

Umeniletea vipimo vya watu watatu, na hukuleta vyako. Umelala miaka kumi na tisa katika chumba ambamo mumeo huvuta karibu na dirisha kabla ya kulala, na uchambuzi ule wa mwaka 2015 uliwakuta wanaovuta moshi wa wenzao wana ongezeko la asilimia 22 la kisukari, karibu sawa na la mdogo wako anayenunua sigara zake mwenyewe. Chukua utepe wa kushonea, simama wima bila viatu, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, uzungushe katikati yake, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha usome. Ukizidi sentimita 80, au hata usipozidi kwa kuwa umekwisha kupita miaka 40, nenda asubuhi bila kula ukapimwe sukari na shinikizo, na uniandikie majibu.